Buku la Kwenda Norwe

Nakivale, Base Camp
4 Machi 2024

Binti yangu Benitha,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi mzima, ila masikio ni yaleyale. Jana waliniita biro, ile ofisi ya kuhamisha wakimbizi. Yule mama wa miwani, ambaye siku hizi hapotezi tena nguvu kunipigia kelele, alichukua karatasi akaandika kwa herufi kubwa: NORWE. Chini yake akaandika jina la mji: FØRDE. Ile O imepigwa mstari katikati, kama kosa la mwanafunzi. Nikamwandikia, "Umekosea hapa?" Akacheka mpaka akavua miwani.

Basi ni Norwe, mwanangu. Miaka kumi na miwili tumengoja katika kambi hii.

Unanijua, mimi siendi fasi nisiyoisoma kwanza. Kule milimani kwetu, kabla ya vita, nilifundisha jiografia kwa karte niliyoichora mwenyewe ukutani kwa makaa, na hakuna mtoto wangu aliyeshindwa mtihani. Kwa hiyo nitafutie buku linaloeleza nchi ile na watu wake. Nitafutie karte nzuri, yenye barabara, si ya rangirangi tu. Na buku dogo la maneno ya safari, la kuuliza njia na kununua mkate. Hayo madogo ndiyo yangu. Makubwa ni yako: wewe utasikia, mimi nitasoma. Ndiyo maana Mungu alituweka sisi wawili kwenye faili moja.

Simu yangu waliiiba kwenye mstari wa chakula. Usininunulie ingine. Simu ni ya mutu anayesikia. Barua na vitabu mpe Mukamana, anakuja huko kila Jumanne kununua sabuni na vitenge.

Baba yako,
Natanaeli Semahoro


Mbarara
11 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Mungu asifiwe kwa habari ya Norwe. Nimesoma mara mbili.

Duka letu la fotokopi lina kazi nyingi wiki hii. Askari wa kambi ya Makenke wanapeleka watoto shule na kila mmoja anataka nakala za vyeti leo hii, sasa hivi, na kwa Kiswahili chao cha amri: "Wewe dada, fanya haraka." Lakini saa ya chakula nilizunguka mji mzima. Maduka ya vitabu hapa yana vitabu vya mitihani na Biblia, basi. Nikiuliza Kinorwe wananiuliza kama ni dawa ya mifugo.

Mwishoni nilipata kwa mzee anayetandika vitabu vya mitumba chini, karibu na soko. Nakutumia kitabu kimoja chenye picha za nchi za kule na ramani moja ya Ulaya. Ni kwa Kiingereza, nisamehe, cha Kifaransa hakipo.

Baba, jitahidi kusoma wewe mwenyewe. Mimi kichwa changu kwa lugha ni kizito, usinitegemee sana.

Binti yako,
Benitha


Nakivale
18 Machi 2024

Benitha,

Nilikusomesha ili iwe nini?

Kile kitabu si cha Norwe. Ni cha Swidi! Jina limeandikwa kwenye gamba, kubwa kuliko mkono wangu. Theluji ni theluji, lakini nchi si moja. Ni kama mutu akuulize njia ya Isingiro umpeleke Burundi kwa sababu kote kuna ndizi.

Halafu karte. Nimeitandika kitandani nikaitazama saa nzima. Kuna nchi mle ndani ambazo zilivunjika wewe hujazaliwa. Nchi nzima za watu zimekufa na wewe unanitumia karte yao! Na Førde haipo. Kuna Oslo na doa moja lingine, kisha ni maji tu na milima.

Tena kitabu chenyewe ni cha matajiri. Kinasema wapi pa kunywa divai na wapi pa kukodi mashua. Mimi mwenye masikio yaliyokufa tangu bomu lianguke karibu na shule yetu, divai ya nini? Nataka kujua watu wale wanasalimianaje. Nataka kujua mgeni akiingia nyumbani kwao anavua viatu au anabaki navyo.

Na unaposema nisikutegemee, unaongea kama nani? Nimtegemee nani?

Baba yako


Mbarara
26 Machi 2024

Baba,

Nimechoka, lakini najibu.

Sikutazama gamba vizuri kwa sababu mzee wa mitumba alikuwa anafunga, na bosi wangu alikuwa ananitafuta. Sawa, nimekosa. Lakini Baba, nimetembea jua kali kwa ajili ya vitabu vyako siku tano, na neno la asante sijalisoma popote kwenye barua yako.

Sasa nimefanya hivi. Nimetafuta kwenye intaneti ya dukani nikapata kitabu kizima cha maneno ya Kinorwe, kwa Kifaransa kama unavyopenda. Nimekiprinti kwa mashine yetu baada ya kumwomba bosi. Ramani ya Førde pia nimeiprinti, mtaa kwa mtaa, karatasi nne, uzibandike kwa gundi.

Kitabu kina sehemu ya mtu anayesafiri na familia na sehemu ya mtu anayesafiri mmoja. Soma ile ya pili, ndiyo rahisi.

Kula vizuri. Mukamana anasema umekonda.

Benitha


Nakivale
5 Aprili 2024

Binti yangu,

Asante. Umeisoma sasa? ASANTE.

Mashine yenu ina njaa. Imekula ukurasa wa arobaini mpaka wa sitini na mbili. Kitabu kinaishia "Je cherche" na kinaanza tena kwenye bei ya samaki. Kwa hiyo natafuta, lakini sijui natafuta nini. Ramani nimeibandika, mto umekatika mara mbili na kanisa limeangukia majini.

Hayo ni madogo. Sikiliza jambo lililonikasirisha kweli. Jumatano tulianza mafunzo ya wanaosafiri. Mwalimu ni kijana mwenye adabu, alikuwa ananiandikia kila kitu pembeni. Nikamwonyesha kwa fahari kitabu chako, na sentensi niliyoshika kwa kichwa: *Jeg hører ikke*, yaani, sisikii. Akaisoma, akakuna shingo, akaandika: "Mzee, Kinorwe kina maandishi ya aina mbili. Hii ni ya Oslo. Førde wanaandika ile nyingine. Wao ni *Eg høyrer ikkje*."

Lugha moja, maandishi mawili! Wanaosikia hawana shida, wataelewana. Lakini mimi nitaishi kwa kusoma tu. Nikamwuliza, "Watanielewa?" Akaandika, "Watakuelewa." Nikamwuliza, "Na mimi nitawaelewa?" Hapo akaandika, "Utajifunza."

Usinitumie tena kitu chochote usichokichunguza. Na hiyo sehemu ya mutu anayesafiri mmoja sikuisoma. Nimesoma ya familia.

Tarehe ya daktari wako ni lini? Mimi wamenipima mapafu na macho. Wewe bado hujaitwa? Nenda uwaulize, wasije wakatuchelewesha.

Baba yako


Mbarara
19 Aprili 2024

Baba yangu,

Nisamehe nimekaa kimya wiki mbili. Nilikuwa naandika.

Nimeacha kununua na kuprinti. Nimechukua daftari la kurasa mia moja na nimekuandikia kitabu chako mwenyewe, Kiswahili kushoto, maandishi ya Førde kulia. Nimeyapata kwenye intaneti, na palipokuwa na mashaka nilimwandikia mwanamke mmoja wa huko anayefundisha wageni. Amejibu kila swali. Ni mtu mzuri. Kwa hiyo usiseme sikuchunguza.

Kinyamulenge, lugha ya kwetu, tunaongea, lakini kuandika ulinifundisha kwa Kiswahili, ukinichapa vidole kwa rula nikiruka herufi. Utaona sikuruka.

Kila sentensi iko peke yake kwenye mstari, ili uwe unaweka kidole tu na mtu anasoma. Daktari. Duka. Basi. Kanisa. Baridi. Kupotea njia. Mwisho nimeacha kurasa tupu, watu wakuandikie majibu.

Lifungue ukiwa umetulia.

Benitha


Nakivale
24 Aprili 2024

Benitha,

Daftari nimelipokea. Nimelisoma lote siku moja. Mwandiko wako umekuwa kama wa mama yako.

Ukurasa wa tatu, mstari wa saba: "Niko peke yangu."
Ukurasa wa tano: "Sina mtu wa kunisaidia kusikia."
Ukurasa wa tisa: "Mtoto wangu yuko Uganda."

Mtoto wangu ni mmoja. Nieleze.

Baba yako


Mbarara
29 Aprili 2024

Baba,

Ni sentensi tu. Kitabu cha maneno kina sentensi nyingi ambazo mtu hazihitaji. Hata kile cha Swidi kilikuwa na "Mke wangu ameumwa na mbwa."

Mimi niko sawa. Kazi nyingi. Tutaongea.

Benitha


Nakivale
9 Mei 2024

Benitha,

Leo nimetoka biro. Nilikwenda kuuliza kwa nini binti yangu haitwi kwa daktari. Mama wa miwani alifungua mashine yake, akatazama, akanitazama mimi. Akaandika: "Mzee, faili yako ni ya mtu mmoja."

Nikaandika: "Tangu lini?"

Akaandika: "Tangu Februari. Binti yako alikuja mwenyewe, akatia sahihi. Tulimwuliza kama baba anajua. Alisema unajua."

Niliomba aandike tena, nilifikiri nimesoma vibaya. Akaandika maneno yaleyale. Watu walikuwa nyuma yangu kwenye mstari, wote wanaosikia, na wote walikuwa wananitazama kwa huruma. Nilitoka bila kuaga.

Mukamana naye alijua. Nilimwuliza sokoni akainamia sabuni zake.

Kwa hiyo ulipokuwa unanitafutia vitabu ulikuwa unanifungia mzigo wa kunifukuza. Miezi miwili nagombana na wewe kuhusu karte, kumbe wewe ulishajua kwamba njia ni ya mutu mmoja. Ulitazama mutu kiziwi, ukaona ni rahisi: hatasikia.

Sitakwenda Norwe. Daftari lako nimemrudishia Mukamana.

Natanaeli Semahoro


Mbarara
13 Mei 2024

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa nimepiga magoti, ingawa hunioni.

Nimeolewa. Anaitwa Patient, ni Mrundi, ni fundi cherehani, ana chumba kimoja na mashine mbili karibu na stendi. Ni Mkatoliki, najua. Tuliandikishana Januari, mashahidi wawili tu. Nina mimba ya miezi mitano.

Februari nilikwenda biro kuuliza kama wataweza kumwongeza. Waliniambia inawezekana, lakini faili yote inarudi nyuma, mahojiano upya, na hakuna anayejua miaka mingapi. Nikauliza, je, mimi nikitoka? Wakasema Baba ataendelea bila kusimama.

Baba, wewe una miaka sitini na minne. Daktari aliandika kwamba sikio lako la kushoto bado linaweza kusaidiwa, lakini si hapa, na si baada ya miaka mingi. Nilisoma karatasi ile kabla yako. Ningefanyaje? Ningekuambia kabla, ungesema, "Tutangoja wote," na ungengoja mpaka ufe kwenye ile foleni. Nakujua.

Lakini sitakudanganya mara ya pili. Si kwa ajili ya sikio tu. Sikutaka kwenda. Nimekuwa masikio yako tangu nina miaka kumi na mmoja. Nimesimama mbele ya kila biro, kila daktari, kila polisi, nikisikia mambo ambayo mtoto hapaswi kusikia na kukuandikia nusu yake. Nimechoka, Baba. Nilitaka maisha ambayo mimi nasikia kwa ajili yangu. Huo ndio ukweli wote.

Nilisema uongo biro. Hilo ni kosa langu, na si la Mukamana, nilimwapisha.

Daftari limerudi hapa, liko kwenye meza ya Patient. Chochote utakachoamua.

Benitha wako


Nakivale
5 Juni 2024

Benitha,

Huyo mume wako alikuja Jumamosi, bila mtu wa kumtambulisha, katika mvua. Alisimama mlangoni akiongea. Nikaonyesha masikio yangu. Akaona haya, akatoa daftari lako chini ya koti, akafungua kurasa za mwisho, zile tupu, akaandika, "Mzee, naitwa Patient. Naomba msamaha."

Nikaandika, "Wa nini?"

"Wa kuoa bila kubisha hodi."

"Unajua kwamba nilitaka kumpeleka mbali nawe?"

"Ndiyo."

"Ulimwambia abaki?"

Akaandika, "Nilimwambia aende. Nilimwambia nitangoja. Yeye ndiye alikataa."

Nilimpa chai. Aliona suruali yangu imeachana pembeni, akatoa sindano mfukoni akaishona pale pale nikiwa nimevaa. Alipoondoka aliliacha daftari mezani, na mimi sikumkimbiza nalo.

Kabla ya hapo nilikwenda kwa mchungaji kulalamika juu yako. Nikamwandikia kurasa mbili. Yeye aliandika mstari mmoja: "Alikuwa na miaka mingapi alipoanza kukusikilizia?" Nimekaa na swali lile wiki nzima, nikitafuta jibu ambalo halinihukumu, na sijalipata.

Bado nina hasira. Usifikiri imekwisha. Ulikuwa na haki ya kuolewa, na ulikuwa na haki ya kuchoka. Haki ya kunifanya nicheke na mama wa miwani juu ya ile O, wakati ninyi wawili mnajua na mimi sijui, hiyo hukuwa nayo.

Nitakwenda. Basi linatoka hapa tarehe 18 asubuhi, linakwenda Kampala moja kwa moja, litapita Mbarara lakini halisimami, wamesema hakuna kushuka. Nitakaa upande wa kushoto, kiti cha pili au cha tatu.

Baba yako


Mbarara
20 Juni 2024

Baba,

Sijui barua hii itakufikia wapi. Yule mwanamke wa Førde amesema nimtumie picha ya barua kwa simu, atakutafuta.

Tangu saa moja asubuhi nilikuwa kandokando ya barabara ya Masaka, mbele ya kambi ya Makenke, kwa sababu pale magari hupunguza mwendo. Askari wa getini alinifukuza mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia, "Afande, baba yangu anapita hapa mara moja tu." Akaniambia, "Basi simama, lakini usivuke." Patient alikuwa nami. Miguu ilikuwa imevimba nikakataa kukaa.

Basi lilikuja saa nne na nusu. Nilikuona, Baba. Kiti cha pili. Nilipunga mikono yote, nikapiga kelele kama mjinga, Patient naye akapiga kelele, hata yule askari akapiga filimbi. Lakini ulikuwa umeinamia daftari, unasoma. Hukuinua kichwa. Basi likapita.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Nilijua tangu zamani kwamba husikii. Sikujua kwamba siku moja nitakuita na nitataka usikie kiasi kile. Sijui kama ulisahau, au kama ndiyo adhabu yangu. Kama ni adhabu, nimeipokea.

Benitha


Førde
16 Julai 2024

Binti yangu Benitha,

Barua yako nimepewa leo. Aliyeileta ni yule mwanamke wako mwalimu, ameiprinti kwa herufi kubwa. Ni mzee kuliko nilivyodhani, na anatembea haraka kuliko askari. Hii nayo ataipiga picha akutumie.

Nina chumba, nina jiko, nina koti. Ramani yako inadanganya: barabara ya kwenda dukani wameihamisha, nilizunguka mvuani saa mbili mpaka dereva mmoja akanirudisha. Viatu wanavua mlangoni, na hakuna buku lililonitayarisha kwa hilo, soksi zangu zilikuwa na matundu mawili. Wanasalimiana kidogo sana. Jua linatua karibu saa tano ya usiku, kutwa linazunguka tu kama mbuzi kwenye kamba. Nimekasirika karibu kila siku. Wameniandikia daktari wa sikio mwezi wa tisa. Sitaki kutumaini mapema.

Sasa hilo la basi. Nililisoma nikasimama, nikatoka nje, nikarudi.

Nilikuona. Nilikuona kabla basi halijafika kambi ya askari, tangu kwenye ule mteremko. Ulivaa kitenge cha kijani, mkono mmoja ulikuwa juu na mwingine chini ya tumbo, na yule fundi wako alikuwa amekushika kiwiko. Ndipo nilipofungua daftari. Nilijua nikikutazama usoni nitasimama, nitampiga dereva begani, nitashuka, na baada ya hapo wasingenifungulia faili tena, na wewe ungeanza upya kunisikilizia, na huyo mtoto baada yako. Nilishika ukurasa kwa mikono miwili. Hata neno moja sikusoma.

Hasira nitaimaliza polepole, kwa kasi yangu. Lakini usimwambie mtu yeyote kwamba baba yako alipita na hakukuona.

Baba yako,
Natanaeli Semahoro